DCP, SPT, veni au koni: uchague kipimo gani cha udongo Kisumu, Nakuru na Magharibi

Swali ninaloletewa mara nyingi kuliko yote, na wenye ploti na hata mainjinia vijana, ni hili: "Tumepima kwa DCP tukapata milimita 20 kwa pigo. Hiyo ni N ngapi ya SPT?" DCP ni fimbo yenye ncha ya koni inayopigiliwa ardhini kwa nyundo ndogo; SPT ni bomba linalopigiliwa kwa nyundo kubwa chini ya shimo lililotobolewa, na N ni hesabu ya mapigo yake. Nalipenda swali hilo, kwa sababu anayeuliza anataka kuujua udongo wake kabla hajamwaga zege. Ila siwezi kumjibu kwa namba moja. DCP na SPT hupiga, koni (CPT) husukumwa polepole, veni, yaani mabawa ya chuma, husokota, sahani ya chuma hukandamiza. Udongo uleule hujibu kila kimoja kwa namna yake, na mfinyanzi mweusi wa uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, haujibu kama majivu ya volkano ya Nakuru.

Kwa hiyo nitavipanga vipimo hivi ubavu kwa ubavu, niseme kila kimoja kinafaa wapi kwetu huku, na namba zake zinahamishika vipi kwenda kwa mwenzake. Wapi hazihamishiki nitasema pia.

DCP na SPT

Hivi viwili ndivyo watu hulinganisha zaidi, kwa kuwa vyote ni nyundo na hesabu ya mapigo. Lakini tazama ukubwa wake. Nyundo ya DCP ina kilo 8, inaanguka milimita 575, na chini yake kuna koni ya nyuzi 60 yenye kipenyo cha milimita 20. Nyundo ya SPT ina kilo 63.5, inaanguka milimita 760, na inapigilia bomba la chuma lenye kipenyo cha nje cha milimita 51. Ukipiga hesabu ya nishati, pigo moja la DCP ni kama joule 45. La SPT ni kama joule 473. Ni zaidi ya mara 10. Kokoto moja ya ukubwa wa yai inaweza kuisimamisha DCP, ilhali SPT itaivunja au kuisukuma kando na kuendelea.

Halafu vinasomwa tofauti. DCP inakupa milimita kwa pigo, hatua kwa hatua, kiasi kwamba unaona pale udongo unapobadilika ndani ya sentimita chache. SPT inapigwa milimita 450. Milimita 150 za kwanza haziingii kwenye hesabu kwa kuwa udongo wa sakafu ya shimo umeshavurugwa, na mapigo ya milimita 300 zinazofuata ndiyo N. Kwa hiyo tabaka laini la sentimita 10 linaweza kumezwa ndani ya N moja usijue lilikuwepo.

Kwa kina, hakuna ubishi. DCP ya kawaida inashuka milimita 800, na ukiunga fimbo unaongeza kidogo. Ukiilazimisha zaidi kwenye mfinyanzi uliolowa, udongo unaikumbatia fimbo, mapigo yanaongezeka, nawe unaandika nguvu ambayo haipo. DCP ilizaliwa kwa ajili ya barabara, na kwa barabara sijaona chombo kinachoishinda kwa bei: watu wawili na pikipiki wanapima kilomita nyingi kwa siku. Kwa msingi wa nyumba ya ghorofa haitoshi, hata ukipiga mashimo 20.

Jambo lililonifanya niipende SPT ni kwamba ndiyo pekee kati ya hivi inayokurudishia udongo mkononi. Bomba lake hufunguka pande mbili kama ganda la njugu. Ukilifungua kwenye shimo la uwanda wa Kano, utaona mfinyanzi mweusi wenye vijiwe vyeupe vya chokaa vilivyotawanyika ndani yake. Uvunje kwa vidole. Mara nyingi unapasuka kwa uso wa mshazari unaong'aa, kama umepakwa mafuta na kusuguliwa kwa kitambaa. Ule mng'ao ni alama ya udongo kuteleza juu ya mwenzake, mwaka baada ya mwaka, ukivimba mvuani na kusinyaa kiangazini. Hakuna N wala milimita kwa pigo itakayokuambia hilo. Mimi nikiuona, nasimamisha mjadala wa uwezo wa kubeba na kuanza mjadala wa uvimbe.

SPT nayo ina ugonjwa wake, nao ni mkono wa mtu. Kwenye rigi za kamba, nyundo inainuliwa kwa kamba iliyozungushwa kwenye ngoma inayozunguka. Kamba ikiwa na mizunguko mingi au imelowa, nyundo haianguki huru; inashikwa njiani. Saa nane mchana fundi amechoka, anainua milimita 650 badala ya 760, na mapigo yanapanda. Ndiyo maana hesabu hurekebishwa kwa kiwango cha asilimia 60 ya nishati, tunachokiita N60. Chukua udongo wenye N60 ya 18. Nyundo inayofikisha asilimia 45 tu itakupa mapigo 24. Nyundo ya kujiachilia inayofikisha asilimia 80 itakupa 13 au 14. Udongo ni mmoja. Ukiletewa ripoti yenye N bila neno lolote kuhusu nyundo, mpigie aliyeiandika kabla ya kuitumia. Na kama uko saiti, chukua rangi au chaki uweke alama ya milimita 760 kwenye fimbo ya kuongozea, usimame hapo uitazame.

Tahadhari nyingine ni kwa walio kandokando ya ziwa, Dunga na kwingineko ambako maji yako karibu na uso. Maji ndani ya shimo yakiachwa yashuke chini ya maji ya ardhini, mchanga huchemka kutoka chini na kulegea, na N inayotoka ni ndogo kuliko ya kweli. Shimo lijazwe maji muda wote, hasa wakati wa kung'oa kifaa cha kutobolea.

Kugeuza namba: mnyororo unaokatika

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo pesa za watu zinapotelea.

Desturi iliyoenea ni hii. Mtu anapima DCP, anaigeuza kuwa CBR (kipimo cha uimara wa udongo wanachotumia wajenzi wa barabara), anaigeuza CBR kuwa nguvu ya mkato (nguvu ya udongo kustahimili kukatika na kuteleza), kisha anaigeuza nguvu ya mkato kuwa uwezo wa kubeba msingi. Hatua tatu. Tuzifuate kwa mfano mmoja: milimita 50 kwa pigo, namba ya kawaida kwenye mfinyanzi laini.

Kanuni ya maabara ya barabara ya Uingereza, ambayo mainjinia wengi wa Kenya wameizoea, inasema CBR ni kama 4.8. Kanuni ya jumla ya jeshi la Marekani inasema 3.7. Kanuni nyingine ya jeshi lilelile, ya mfinyanzi wenye unyumbufu mkubwa, yaani unaofinyangika sana ukilowa, ambao hasa ndio udongo wetu mweusi, inasema karibu 7. Kwa madaraja ya mwongozo wetu wa barabara wa 1987, mbili za kwanza zinaangukia S1, yaani CBR ya 2 hadi 5, na ya tatu inaruka hadi S2, ya 5 hadi 10. Barabara moja, fimbo moja, na unene wa tabaka za barabara tayari umebadilika.

Sasa ongeza hatua ya pili. Kuna uhusiano unaotumika sana kwa mfinyanzi, kwamba nguvu ya mkato kabla maji hayajapata nafasi ya kutoka ni kama mara 23 ya CBR, kwa kilopaskali. Kwa namba zetu tatu unapata 84, 110 na 160. Ya juu inakaribia mara mbili ya ya chini, na bado hujafika kwenye msingi.

Kugeuza moja kwa moja kutoka SPT ni afadhali, lakini si kwa uhakika ule ambao jedwali linakuonyesha. Jedwali la wahandisi wa udongo Terzaghi na Peck la 1948 linaweka mfinyanzi wa N 4 hadi 8 kwenye ugumu wa kati, na ukilifuata, N ya 8 inakupa nguvu ya mkato ya kama kilopaskali 50. Mhandisi Stroud, mwaka 1974, akifanya kazi na mifinyanzi migumu ya Uingereza, alionyesha kwamba kizidishi kinategemea unyumbufu: kwa mfinyanzi mnyumbufu sana ni kama 4 hadi 5, kwa ule usio mnyumbufu ni 6 au zaidi. Kwa N ileile ya 8, mfinyanzi mnyumbufu unabaki na kama kilopaskali 36. Udongo wa Kano ni mnyumbufu sana. Anayezidisha kwa 6 pale anajipa nguvu ambayo ardhi haijamwahidi.

Msimamo wangu ni huu: geuza hatua moja, usigeuze mbili. Ukihitaji CBR, tumia DCP uishie hapo. Ukihitaji nguvu ya mkato ya mfinyanzi laini, ipime yenyewe kwa veni. Kwa mchanga, SPT ikupe hali yake, N 4 hadi 10 umelegea, 10 hadi 30 wa kati, 30 hadi 50 umeshikamana, na usiguse mambo ya nguvu ya mkato kabla maji hayajatoka, kwa sababu mchanga haufanyi kazi hivyo.

Veni na koni

Veni ni mabawa manne ya chuma yaliyopangwa kama msalaba, urefu wake mara mbili ya upana. Unayasukuma ndani ya mfinyanzi, kisha unayazungusha polepole sana, nyuzi 6 kwa dakika, ukisoma nguvu ya msokoto hadi udongo ukatike. Ukimaliza unayazungusha haraka mara kadhaa na kupima tena, na hapo unajua udongo ukivurugwa unabaki na nguvu kiasi gani. Kwa kinamasi cha Yala, Budalang'i, au nyanda za chini za Nyando penye mfinyanzi uliolowa mwaka mzima, sijui kipimo kingine cha uwanjani ninachokiamini zaidi. SPT huko inakupa N ya 1 au 2, wakati mwingine bomba linazama kwa uzito wake tu. Kati ya 1 na 2 kuna tofauti ya mara mbili, na jicho la anayehesabu haliwezi kuitenganisha.

Ila veni nayo ina marekebisho ambayo wengi huyaruka. Bjerrum wa Norway alichunguza tuta zilizoporomoka na mwaka 1972 akaonyesha kwamba kwenye mfinyanzi mnyumbufu veni husoma juu kuliko nguvu inayopatikana kweli. Kwa mfinyanzi ambao kipimo chake cha unyumbufu (PI) ni 60, zidisha ulichosoma kwa takriban robo tatu. Ukisoma kilopaskali 30, fanya kazi na 22. Na usiitumie veni kwenye mfinyanzi mweusi uliokauka na kupasuka, wala penye mizizi au changarawe. Bawa likigonga kijiwe cha chokaa namba inaruka nawe hujui kwa nini.

Koni, yaani CPT, ndiyo safi kuliko zote kwa maana ya mkono wa mtu kutoingilia. Inasukumwa kwa milimita 20 kwa sekunde, koni ya sentimita 10 za mraba, na inasoma mfululizo kuanzia juu hadi chini. Tabaka la mchanga la sentimita 10 unaliona. Shida zake kwetu ni mbili. Mashine ni chache na kuisafirisha hadi Busia kunakula bajeti ya nyumba ya kawaida. Pili, haipiti mwamba, mawe makubwa wala maramu iliyoshikamana. Na hata koni haikupi nguvu ya mkato bure: unatoa uzito wa udongo ulio juu, kisha unagawanya kwa kigawanyo ambacho huwa kati ya 10 na 20. Tuseme umesoma kilopaskali 1,000 kwenye kina cha mita 3, ambako uzito wa juu ni kama 50. Kwa 10 unapata 95, kwa 20 unapata 47 na ushei. Ndiyo maana wanaofanya kazi vizuri huweka shimo moja la veni kando ya koni, wakajua kigawanyo cha pale, kisha wakasukuma koni maeneo mengine yote. Kwa daraja au gati, fanya hivyo bila kusita.

Penetromita ya mfukoni, kijifaa cha kubonyezwa kwenye udongo kwa mkono, nitaipitia haraka. Inafaa kupanga sampuli kwa ugumu mezani, basi. Kumbuka tu kwamba inasoma nguvu ya mgandamizo, na ya mkato ni nusu yake. Nimeona watu wakisahau hiyo nusu.

Sahani ya chuma ya milimita 300 huwavutia wenye nyumba kwa sababu wanaona mzigo ukiwekwa kweli, na macho huamini. Lakini sahani hiyo inahisi udongo wa kina cha kama mara mbili ya upana wake, sentimita 60. Msingi wako wa mita 1.5 utahisi mita 3. Kwenye ardhi yenye gamba gumu juu na tope chini, sahani itapima gamba.

Mwezi uliopima

Kuna nyumba moja karibu na Ahero ninayoikumbuka kila ninapopita. Mwenye ploti alipimiwa Februari, kwa DCP, na kampuni ambayo sitaitaja. Ardhi ilikuwa kavu, nyufa zimefunguka unaweza kutia mkono. Fimbo ilishuka kwa shida, karatasi ikasema udongo ni mgumu, na msingi ukachimbwa mfupi. Mvua ndefu ilipofika, maji yakaingia kwenye zile nyufa, udongo ukavimba na kulainika pamoja, na kufikia Juni ukuta wa sebule ulikuwa na ufa wa ngazi kutoka kona ya dirisha hadi sakafuni. Mama mwenye nyumba alinionyesha karatasi ile ikiwa imekunjwa vizuri ndani ya bahasha. Namba zake zilikuwa sahihi. Ziliupima udongo wa Februari.

Hilo liliniuma kwa sababu kinga yake ilikuwa rahisi. Kwenye udongo mweusi, pima wakati wa mvua. Ukilazimika kupima kiangazi, chimba shimo, jaza maji, acha siku kadhaa, ndipo upime, au peleka sampuli maabara ikalowekwe kabla ya CBR. Na hata hivyo pata kipimo cha unyumbufu na cha uvimbe, kwa kuwa kipimo chochote cha nguvu nilichotaja hapa hakioni uvimbe. Udongo mweusi mkavu huua nyumba ukiwa na nguvu nyingi.

Nakuru, na milima ya mawe

Nakuru ina mtego tofauti. Majivu ya volkano na vijiwe vya pumisi ni vyepesi, vina vishimo ndani, na punje zake husagika chini ya bomba la SPT au ncha ya koni. Unapata N ndogo, unadhani ni mchanga uliolegea, kumbe chembe ndizo zilizovunjika. Majedwali ya mchanga yalitungwa kwa punje ngumu za kwatzi. Ukiyatumia kwa pumisi unapima kitu kingine. Kwa upande wa pili, majivu makavu yaliyogandana kidogo husimama wima kama ukuta, yanapigika vizuri kiangazini, halafu yanalowa na kuporomoka kwa ghafla. Huko ningetumia SPT kwa ajili ya sampuli zaidi ya N, na ningeweka sahani ndani ya shimo kwenye kina cha msingi, nipakie, kisha nimwage maji chini ya mzigo nitazame inavyozama. Sahani niliyoisema vibaya juu, Nakuru inajipatia heshima yake. Na kabla ya yote hayo, tembea ploti na uwaulize majirani kuhusu nyufa za ardhi zinazofunguka baada ya mvua kubwa, maana maeneo kama Kaptembwo yanajulikana kwa hizo, na hakuna mapigo yatakayokuonyesha mpasuko ulio mita 4 kando ya shimo lako.

Maragoli, Seme hadi Kit Mikayi, ni nchi ya mawe ya graniti. Udongo mwekundu pale umetokana na mwamba kuoza, na ndani yake mawe mazima yamebaki yamezungukwa na udongo laini. SPT inafika mapigo 50, fundi anaandika "mwamba", na mita 1 chini ya jiwe hilo kuna udongo wa kawaida. Usikubali "mwamba" kutoka shimo moja. Sogea mita 3, piga tena. Au toboa jiwe kwa mashine ya kukata mwamba hadi uhakikishe umeshuka mita kadhaa ndani ya mwamba mzima. DCP na koni hazina kazi hapo isipokuwa kwa barabara.

Kama pesa yako ni ya kitu kimoja tu kwa nyumba ya kawaida, ningechagua shimo la kuchimbwa kwa mkono la mita 3, sampuli mbili za maabara za unyumbufu na uvimbe, na DCP ikianzia kwenye sakafu ya shimo lile badala ya juu ya majani. Kwa ghorofa mbili kwenda juu, SPT isiyopungua mashimo mawili. Kwa tuta, bwawa la samaki au barabara ya kuvuka kinamasi, veni. Na chochote utakachochagua, dai karatasi ya uwanjani yenye mapigo ghafi, aina ya nyundo, kina cha maji siku ile, tarehe, na mvua ya mwisho ilinyesha lini. Ripoti isiyo na hizo tano, mimi hurudisha kabla sijafungua ukurasa wa hitimisho.